Maji ya Paka, Punda wa Stanley na Mto Usiofika Baharini

Leo naomba tuache siasa pembeni. Nataka tuongelee maji. Si ya Bwawa la Mindu wala yale yanayogeuka rangi ya chai ya maziwa masika ikishika Uluguru. Naongelea maji ya paka.

Usicheke kwanza. Nina paka dume, namwita Bosi. Miezi michache iliyopita Bosi alishindwa kukojoa. Anaingia kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, analia, hakuna kitu. Kwa paka dume hilo si jambo la kusubiri kesho. Njia ya mkojo ikiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Nikamtia kwenye kikapu, nikarukia bodaboda, mbio mpaka kwa daktari wa mifugo. Akazibuliwa, akapona. Wakati naondoka daktari akaniambia, "Kaka, huyu hanywi maji ya kutosha, halafu unampa chakula kikavu. Mfanye anywe."

Mfanye anywe! Rahisi kusema. Bosi ukimwekea maji kwenye bakuli anayanusa, anakuangalia kama umemtukana, anaondoka. Lakini bomba la jikoni likivuja, yupo pale analamba tone moja moja. Binamu yangu wa Dar akasikia kilio changu, akanitumia kwa basi chombo cha umeme: bakuli lenye pampu ndogo ndani, maji yanapanda juu, yanamwagika, yanarudi chini, yanapanda tena. Bosi alikizunguka siku mbili, siku ya tatu akanywa. Nilifurahi mpaka nikampigia simu mama.

Wiki ya tatu nikaingiza kidole ndani ya kile chombo. Nikakutana na mlenda. Kuta zote zina ute, unateleza. Kumbe muda wote ule nilikuwa najaza maji tu, sioshi. Nilimwokoa Bosi kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto namnywesha uchafu.

Hapo ndipo uandishi ukanipanda kichwani. Nikajiuliza: tangu lini binadamu anamtengea mnyama maji? Na katika historia yote hiyo, nani alikuwa anaosha chombo?

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Kabla mji huu haujaitwa Morogoro, wageni waliujua kwa jina la Simbamwenni. Uliasisiwa na Kisabengo, na baada yake akatawala binti yake, ambaye jina lake ndilo lililoenea kwenye vitabu. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Aliukuta mji una ukuta wa mawe na minara, mto Ngerengere uko jirani. Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili na punda zaidi ya 20. Farasi wote wawili walikufa hata kabla ya kufika hapa. Punda nao wakawa wanaanguka mmoja mmoja njiani.

Kwa nini walikufa hivyo? Wasafiri wa zamani walilaumu kila kitu: majani, jua, maji ya njiani. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1895, daktari David Bruce alipoonyesha kule Zululand kwamba ugonjwa wa nagana unaletwa na mbung'o. Ndiyo maana kwa karne nzima ile mizigo ya njia hii ilipanda kwenye vichwa vya wapagazi, mpaka reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipofika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo kwenye kesi ya punda, maji yalisingiziwa. Kumbuka hilo, kwa sababu mbele tutakuta kesi nyingine ambayo maji yana hatia kweli.

Wanyama wa Simbamwenni walikunywa wapi? Mtoni. Nilimuuliza mjomba wangu wa Kinole, mzee wa siku nyingi. Baada ya shikamoo na habari za shamba nikamweleza habari za chombo changu. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Mwanangu, sisi mbuzi na mbwa wetu walikunywa mtoni. Mto unajiosha wenyewe. Bakuli haliwezi." Nikaona kwamba historia yote niliyokuwa naitafuta iko ndani ya maneno yale. Siku binadamu alipoyatoa maji mtoni akayaweka kwenye chombo, alijitwika kazi ambayo zamani ilikuwa ya mto.

Tena mto wenyewe una hasira zake. Stanley aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya Ngerengere yameubomoa ukuta wa Simbamwenni. Kwa hiyo simpambi mto.

Ndugu zetu wa pwani waliielewa kazi hiyo mapema. Kwenye nyumba za kale za Lamu kuna birika la maji ndani, na ndani ya birika walifuga samaki wadogo. Si wa kula. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Yaani waliweka maji, halafu wakamwajiri mnyama ayatunze. Huo ni ufundi! Mtu aliyewaza hivyo alishajua kwamba maji yaliyotulia hayabaki vile ulivyoyaacha.

Sasa twende London, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilifanywa kwa fujo kubwa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu eneo la Soho, na daktari John Snow akaonyesha kwamba vifo vingi vilizunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street. Miaka mitano baadaye, 1859, mbunge Samuel Gurney na mwanasheria Edward Wakefield walianzisha chama cha kujenga bomba za maji safi ya bure barabarani. La kwanza lilifunguliwa Aprili mwaka huo kwenye uzio wa kanisa la St Sepulchre. Lilikuwa na vikombe vya kunywea vilivyofungwa kwa mnyororo, wote wananywea hivyo hivyo. Kwa macho ya leo, mh!

London ya wakati ule ilitembea kwa farasi, na ng'ombe waliswagwa mpaka sokoni. Wote wana kiu. Mwaka 1867 chama kikabadili jina ili wanyama watajwe pia, kikaanza kujenga mabirika marefu ya mawe kwa ajili ya farasi na ng'ombe. Mengi yalikuwa na kijibirika chini kabisa kwa ajili ya mbwa. Marekani nako, mwanzoni mwa karne ya 20, shirika la National Humane Alliance lilitoa mabirika ya mawe kwa miji mingi: juu farasi, chini mbwa na paka.

Mawe hayo yapo mpaka leo kwenye miji kadhaa, baadhi yamepandwa maua. Ukiyasoma utakuta jina la aliyetoa pesa, mwaka, pengine na maneno ya wema. Hutakuta jina la aliyekuwa anayasugua.

Na kusugua ndiko kulikokuja kuleta kesi. Farasi walikuwa na ugonjwa mbaya unaotoka na makamasi, ambao unaweza kumwingia hata binadamu na kumwua. Farasi mgonjwa akitia pua kwenye birika, wanaomfuata wanaondoka na ugonjwa. Miji kadhaa ya Marekani ikaamua kuyafunga mabirika ya umma, kila mwenye farasi abebe ndoo yake. Fikiria hilo. Kitu kilichojengwa kwa huruma kilifungwa kwa amri ya afya. Huruma haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishaweka maji umemaliza.

Magari yakaja, farasi wakaondoka mjini, kiu ya wanyama ikahamia ndani ya nyumba. Paka naye ana historia yake. Asili yake ni paka mwitu wa nchi kavu za Mashariki ya Kati, aliyeanza kusogelea maghala ya nafaka ya binadamu miaka kama 10,000 iliyopita. Mnyama wa jangwani hupata maji mengi kwenye nyama ya windo lake, kwa hiyo kiu yake ni ndogo. Ukimpa chakula kikavu cha dukani, ile nyama yenye maji haipo tena, na kiu haijaongezeka. Hapo ndipo Bosi alipokwama.

Hata namna anavyokunywa ni ya ajabu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliandika kwenye jarida la Science kwamba paka hachoti maji kwa ulimi kama kijiko. Anagusa uso wa maji kwa ncha ya ulimi, anauvuta juu haraka, maji yanafuata kama uzi, naye anafunga mdomo kabla uzi haujakatika. Mara nne hivi kwa sekunde. Wala haloani!

Paka wengi hupenda maji yanayotembea, na katika miaka ya 1990 vyombo vya pampu kama changu vikaanza kuuzwa Marekani. Wazo lake ni kumletea mnyama mto sebuleni. Lakini mjomba angeangalia sekunde moja akagundua udanganyifu. Ni mto usiofika baharini. Maji ni yale yale yanazunguka, na kila raundi yanabeba mate, manyoya na vumbi. Yanatembea kama mto, lakini hayajioshi kama mto.

Basi kazi ya mto naifanya mimi. Kila siku namwaga maji ya jana na kuweka mapya, sijazi juu ya yaliyobaki. Kila Jumamosi nachomoa waya kwanza, halafu nafungua chombo chote. Nasugua kwa maji ya moto na sabuni kidogo, nasuuza mpaka povu liishe kabisa. Pampu nayo inafunguka: ndani kuna kifeni kidogo, pale ndipo manyoya hujificha, nakitoa kwa mswaki wa zamani. Kukiwa na ukoko mweupe wa chumvi za maji, nalowesha kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha nasuuza sana. Chujio la mkaa nabadilisha kila wiki tatu hivi. Masika maji yakija ya udongo, nayatuliza kwenye ndoo, nayachemsha, yakipoa ndipo namimina. Maji yasishuke chini ya pampu, itaungua. Na kwa sababu umeme hukatika, bakuli la kawaida la udongo lililokaangwa vizuri lipo kila siku pembeni, mbali na chakula na mbali na boksi la mchanga.

Kama kuna ununuzi, chagua cha bati lisiloshika kutu au cha kauri. Cha plastiki kinakwaruzika, na ute hupenda mikwaruzo.

Kuna mtu atasema huu ni ugonjwa wa kizungu, kumwoshea paka bakuli. Sawa. Ngoja nimkumbushe Julai 2022. Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa kule Ruangwa, Lindi: watu 20 walikuwa wameugua, watatu wamefariki. Watu wakaogopa. Kumbe ni homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na kumpata mtu kupitia maji au udongo uliochafuliwa. Hapa mjini kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamevifuatilia vijidudu hivyo kwa miaka mingi. Bakuli la mbwa linalolala uani usiku kucha linatembelewa na panya. Asubuhi mtoto anachezea maji yale. Hiyo ndiyo kesi niliyokuahidi.

Na panya wenyewe tusiwaonee wote. Chuoni hapo hapo SUA, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akaenda Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Akafa Januari 2022, picha yake imezunguka dunia.

Nami nikiiona picha ile namfikiria mtu mwingine. Kabla Magawa hajanusa bomu lolote, kuna mtu wa Morogoro aliamka asubuhi akamwaga maji ya jana, akaosha chombo, akaweka mapya. Kesho yake akarudia. Hana medali. Bila yeye hakuna medali ya mtu yeyote.

Bosi mzima. Amelala juu ya magazeti yangu. Leo Jumamosi, naenda kutafuta mswaki wa zamani.