Basenji ao berje: mbwa gani kwa mtu gani?

Mu lupango za Goma na Lubumbashi, mwenye nyumba anatafuta kwanza mbwa mkubwa wa kuogopesha wezi, na mara nyingi anataja berje ya Ujerumani. Lakini huyo alifugwa kwa kuchunga kondoo. Akifungwa mnyororo toka asubuhi mpaka usiku, anakuwa mkali bila mpango, anaweza kuuma hata watoto wa nyumba. Anahitaji kutembezwa kila siku, kwa muda wa saa moja ao zaidi.

Basenji ni mbwa wa kwetu Kongo: kilo 10 hivi, habweki sawa wengine. Wawindaji wanamfunga kengele shingoni juu wamsikie mu pori. Watu wanazani udogo wake ni uvivu. Hapana! Asipokimbia, viatu vya mwenye nyumba vitalipa deni.

Mzee, ao mtu anayetoka kazini usiku bila kijana wa kumsaidia, afazali achukue mbwa wa mtaa aliyekwisha kukomaa, mwenye tabia inajulikana. Mbele ya kulipa, aombe karte ya chanjo ya kichaa cha mbwa.