Neno «hakuna» katika jibu la mashine: historia fupi ya kuuliza hifadhidata kwa lugha asilia

1. Utangulizi

Kila shirika lenye kompyuta nyingi hulazimika kuwa na daftari la mitambo yake. Ndani ya daftari hilo huandikwa seva, programu, vifaa vya mtandao na, zaidi ya yote, uhusiano uliopo kati yao: programu gani inakaa katika seva gani, huduma gani inategemea hifadhidata gani. Daftari la namna hiyo, likiwekwa ndani ya kompyuta, huitwa hifadhidata ya usanidi. Desturi hiyo ilianzia katika majeshi ya Marekani, ambayo katika miaka ya 1950 na 1960 yalitaka kufuatilia kila badiliko lililofanywa katika silaha na vyombo vya anga. Mwishoni mwa miaka ya 1980, idara ya serikali ya Uingereza iliyoitwa CCTA iliiingiza desturi hiyo katika mwongozo wa huduma za kompyuta unaojulikana kwa jina la ITIL.

Thamani ya daftari hilo huonekana saa ya kufanya badiliko. Fundi anayetaka kuzima seva ya zamani huuliza kwanza: «Ni huduma zipi zinazoitegemea seva hii?» Akijibiwa «hakuna», anaizima. Ikiwa jibu hilo si kweli, mishahara hailipwi, au hospitali haioni tena majalada ya wagonjwa wake.

Zamani fundi hakuweza kuuliza swali hilo bila kujua lugha maalumu ya hifadhidata, au bila kumwomba mtu anayeijua. Siku hizi zimo programu zinazompa nafasi ya kuandika swali kwa lugha asilia, yaani lugha ya kawaida wanayozungumza watu. Makala haya yanafuatilia njia iliyopitiwa hadi kufika hapo, na yanatetea hoja moja: ugumu mkubwa wa kazi hii haukuwa tu kuifundisha mashine sarufi, bali kuifanya iseme wazi imeelewa nini, na «hakuna» yake ina maana gani.

2. Mwanzo: maswali katika ulimwengu mdogo

Programu ya kwanza iliyojulikana sana katika uwanja huu ni BASEBALL, iliyoelezwa mwaka 1961 na Bert Green na wenzake wa Lincoln Laboratory, Marekani. Ilijibu maswali ya Kiingereza kuhusu michezo ya besiboli ya ligi moja kwa mwaka mmoja: nani alicheza na nani, wapi, tarehe gani, kwa alama ngapi. Swali liliingizwa kwa kadi zilizotobolewa, nalo lilipaswa kuwa sentensi sahili. Mafanikio yake yalitokana na ufinyu wa ulimwengu wake, kwa kuwa humo neno moja halikuwa na nafasi kubwa ya kupotea.

Miaka kumi baadaye William Woods na wenzake wa kampuni ya BBN walitengeneza LUNAR. Wanajiolojia walikuwa wakichunguza mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na chombo cha Apollo 11 mwaka 1969, na walihitaji kuuliza matokeo ya uchunguzi huo bila kujifunza kutunga programu. LUNAR ilionyeshwa mbele yao katika mkutano wa mwaka 1971 huko Houston. Kati ya maswali 111 yaliyoulizwa, asilimia 78 yalijibiwa sawasawa. Asilimia 12 yalishindikana kwa sababu ya makosa madogo ya kiuandishi, kwa mfano katika kamusi ya programu. Asilimia 10 tu yalishindikana kwa sababu ya sarufi au semantiki.

Hesabu hiyo inafaa kusomwa kwa uangalifu. Waulizaji walikuwa wataalamu wa somo moja, wenye istilahi moja, na walijua kilichokuwamo katika hifadhidata kabla ya kuuliza. Mwaka 1968 mwanaisimu William Watt alikuwa tayari ameeleza kwamba lugha ndogo ya kuzungumza na mashine inapaswa «kukalika», yaani mtu aweze kuishi ndani yake bila kugonga ukuta kila mara. Wanajiolojia waliweza kukaa katika lugha ya LUNAR kwa sababu ilikuwa karibu sana na lugha ya kazi yao.

3. Njia mbili zilizotoka IBM

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM huko California, alichapisha nadharia ya kuhifadhi data katika majedwali yanayohusiana. Kutokana na nadharia hiyo zilitoka njia mbili za kuuliza.

Njia ya kwanza ni ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ambao mwaka 1974 walitoa lugha ya SEQUEL, iliyoitwa baadaye SQL. Lugha hiyo hutumia maneno machache ya Kiingereza, lakini sarufi yake ni kali kama kanuni za hesabu. Binadamu ndiye aliyetakiwa kusogea karibu na mashine. Mwaka 1986 SQL ilikubaliwa kuwa kanuni rasmi huko Marekani, na hadi leo hifadhidata nyingi za usanidi huulizwa kwa lugha hiyo au kwa lugha zinazofanana nayo.

Njia ya pili ni ya Codd mwenyewe. Katika mwaka uleule wa 1974 alieleza mradi wake ulioitwa Rendezvous. Codd aliamini kwamba mtu wa kawaida hatauliza swali kamili mara ya kwanza. Kwa hiyo mashine ilipaswa kumuuliza maswali ya kufafanua, kisha imrudishie swali lake kwa maneno yake yenyewe: «Je, hivi ndivyo unavyotaka kujua?» Jibu lilitolewa baada ya muulizaji kukubali. Rendezvous haikuenea kama SQL, lakini ilikuwa imeshika jambo la msingi: katika mazungumzo, kuelewana hupatikana kwa kuhakikisha.

4. Kutoka manowari hadi sokoni

Mfumo uliokaribia zaidi daftari la mitambo ni LADDER, uliotengenezwa na Gary Hendrix na wenzake huko SRI, California, na kuchapishwa mwaka 1978. Uliulizwa habari za meli za jeshi la majini la Marekani: ipo wapi, ina urefu gani, iko tayari kwa kazi au haiko. Data zenyewe zingeweza kuwa katika kompyuta mbalimbali zilizounganishwa kwa mtandao, wala muulizaji hakuhitaji kujua zipo wapi.

LADDER haikutumia kategoria za kawaida za sarufi kama nomino na kitenzi. Ilitumia kategoria za ulimwengu wake, kama vile «meli» na «sifa ya meli». Ilisahihisha makosa ya tahajia, ilielewa swali lililokatwa ambalo lilitegemea swali lililotangulia, na ilimruhusu mtumiaji kuongeza maneno yake mwenyewe. Uwezo huu wa mwisho ni wa maana kubwa, kwa maana kila mahali pa kazi pana majina ya nyumbani. Daftari huandika seva kwa herufi na tarakimu, lakini wafanyakazi huiita «ile ya mishahara».

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba sarufi ya meli haikufaa kwa besiboli wala kwa mawe ya mwezini. Kila uwanja mpya ulidai kazi mpya. Hata hivyo watu walijaribu kuuza utaalamu huo. Mwaka 1982 Hendrix alianzisha kampuni ya Symantec, ambayo mwaka 1985 ilitoa Q&A, programu ya kompyuta ndogo iliyopokea maswali ya Kiingereza. Mwaka 1995 Androutsopoulos, Ritchie na Thanisch wa Edinburgh walipokagua uwanja mzima, walionyesha tatizo lililowachosha watumiaji: swali likikataliwa, mtu hajui kama mashine haikuelewa maneno yake, au kama jambo lenyewe halimo katika hifadhidata.

5. Maana mbili za «hakuna»

Tatizo hilo lina sura yake ya hatari zaidi pale ambapo swali halikukataliwa, bali limejibiwa «hakuna». Mwaka 1978 Raymond Reiter alilipa jina la «ulimwengu uliofungwa» lile wazo ambalo hifadhidata nyingi hulifuata kimyakimya: jambo lisiloandikwa huhesabiwa kuwa si kweli. Wazo hilo linafaa kwa ratiba ya ndege, kwani ndege isiyo katika ratiba haiendi. Halifai kwa daftari la mitambo ikiwa daftari halijakamilika. Fundi aliyeunganisha programu mbili bila kuandika ameacha utegemezi ambao upo katika mitambo lakini haupo katika maandishi.

Mwaka 1979 Jerrold Kaplan, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alilitazama jambo hilo kwa jicho la pragmatiki. Kila swali hubeba mambo ambayo muulizaji ameyachukua kuwa kweli. Anayeuliza «Seva zipi za Kolwezi zilizimika mwezi wa tatu?» amekwisha kuamini kwamba Kolwezi kuna seva. Ikiwa daftari halina seva hata moja ya Kolwezi, jibu «hakuna» haliivunji kanuni ya mantiki, lakini linampotosha muulizaji: ataondoka akifikiri kwamba seva zote zilifanya kazi vizuri. Mfumo wa Kaplan, ulioitwa CO-OP, ulijaribu kurekebisha imani hiyo kabla ya kujibu. Ungesema: «Daftari halina seva yoyote ya Kolwezi.»

Kiswahili kina njia nyepesi ya kutenganisha mambo hayo. «Hakuna» ni kusema juu ya ulimwengu. «Hakikuandikwa» ni kusema juu ya daftari. Mashine inayotumia neno la kwanza mahali pa neno la pili inadai ujuzi isiokuwa nao.

6. Swali likiulizwa kwa Kiswahili

Mifumo yote iliyotajwa ilitumia Kiingereza. Kwa Kiswahili sura ya tatizo hubadilika kidogo, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Katika «vyombo vya ofisi vilivyofungwa», kirejeshi -vyo- kinaonyesha bila shaka kwamba vilivyofungwa ni vyombo. Katika «vyombo vya ofisi iliyofungwa», ni ofisi. Kiingereza hakina ngeli za kutegemea hapo. Lakini msaada huo una mipaka: «seva za ofisi zilizofungwa» hubaki na utata, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli moja na katika wingi.

Tena, msaada huo hupungua katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, ambako upatanisho umerahisishwa na «yenye» hutumika kama kirejeshi. Anayesema «mashini ya biro yenye ilifungwa» anaeleweka kwa wenzake kwa sababu wanajua habari inayozungumzwa. Si kosa la msemaji, ni sarufi ya mji wake. Mashine iliyofundishwa Kiswahili sanifu pekee itakwama hapo au, vibaya zaidi, itachagua maana moja bila kuuliza. Njia ya Codd ndiyo inayohitajika: «Unauliza mashini iliyofungwa, au biro iliyofungwa?»

7. Mashine isiyokataa swali

Baada ya mwaka 2017, ulipochapishwa muundo wa mitandao ya neva uitwao Transformer, kazi ya kuandika sarufi kwa mkono ilizidi kuachwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa mkusanyo uitwao Spider, wenye maswali zaidi ya 10,000 na hifadhidata 200, ili kupima kama mashine inaweza kugeuza swali kuwa SQL katika uwanja ambao haijauona. Miundo mikubwa ya lugha iliyofuata hufanya kazi hiyo kwa wepesi ambao Woods na Hendrix hawakuwa nao.

Wepesi huo umegeuza hatari. LUNAR na LADDER ziliposhindwa, mara nyingi zilisema hazikuelewa, na fundi alikwenda kutafuta njia nyingine. Mashine mpya ni nadra kukataa. Ikiwa fundi ameandika «seva ya mishahara» na katika daftari hakuna jina hilo, inaweza kukisia seva nyingine, kutunga ulizo lililo sahihi kisarufi, kisha kujibu kwa sentensi nzuri kwamba hakuna huduma inayoitegemea. Hakuna dalili yoyote ya kumshtua fundi.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba sarufi, iliyowasumbua watafiti kwa miaka mingi, imepata nafuu kubwa, lakini maswali ya Codd, Reiter na Kaplan yamebaki palepale. Mfumo unaostahili kuaminiwa na fundi wa usanidi unapaswa kufanya mambo matatu: kurudia swali jinsi ulivyolielewa, katika lugha ya muulizaji, kutaja seva na majedwali ambayo umeyatazama, na kutofautisha kisichopo na kisichoandikwa. Kazi hizo tatu si za mainjinia peke yao. Kurudia swali, kuonyesha utata na kupima kinachodaiwa na ukanushi ni mambo ya isimu. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuanza nayo kwa kukusanya maswali ambayo mafundi wa mahali pao huyauliza kweli, kwa Kiswahili wanachokisema kweli, kabla mashine haijazoea kuwajibu «hakuna».