Mgonjwa wa Kiharusi Hakarabatiwi

Nyaraka nyingi za afya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zinamruhusu mgonjwa wa kiharusi kutoka wodini, kisha zinamwelekeza kwenye "kituo cha ukarabati". Barabara ikichimbika hukarabatiwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifanyiwa ukarabati, na kila shabiki alielewa kwamba mafundi wako kazini. Mzee aliyepooza mkono wa kulia anaambiwa aende akafanyiwe hilo hilo.

Kosa haliishii kwenye adabu. Kinachokarabatiwa hutulia kikimsubiri fundi, lakini kwenye kiharusi mambo huenda kinyume kabisa. Mshipa ukiziba au ukipasuka, seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Sehemu zilizo hai ndizo zinazojifunza kuzifidia, nazo hujifunza kwa sababu mgonjwa mwenyewe anarudia tendo moja mara nyingi mno: kushika kikombe, kukiinua, kukirudisha mezani bila kumwaga. Kwa wengi, maendeleo huonekana zaidi katika miezi mitatu ya kwanza. Waliochagua neno "ukarabati" walipaswa kumsikiliza angalau mtaalamu mmoja wa fiziotherapia.

Wako wanaotetea "urekebishaji". Masikioni mwa watu, hasa Kenya, neno hilo tayari limeshikamana na kurekebisha tabia: jela na walevi. Binti akiambiwa baba yake anahitaji kituo cha urekebishaji, jibu lake la kwanza litakuwa kwamba mzee hanywi pombe.

Neno linalofaa ni utengamao, na mwandishi wa makala haya hataliacha. Kiswahili kina vitenzi vinavyoonyesha kitu kuingia katika hali fulani na kudumu humo: tua huzaa tuama, ganda huzaa gandama, shika huzaa shikamana, kinga huzaa kingama. Tengamaa imo katika ukoo huo, jirani ya tengenea na tengeneza. Bei hutengamaa, nchi hutengamaa baada ya fujo, na mtu aliyeugua sana husemwa kwamba sasa hali yake imetengamaa. Kitenzi hiki hakichukui mtendwa, na hapo ndipo penye thamani yake: mgonjwa ndiye anayetengamaa, hakuna anayemtengamaa. Anayetaka kumtaja mtaalamu anayo tengamaza. Hata neno la Kizungu lililosababisha mzozo huu, rehabilitation, limetoka kwenye Kilatini habilis, yaani mwenye kufaa, na maana yake ni kumrudisha mtu kwenye kufaa. Hakuna tofali humo.

Wizara ya Afya ya Tanzania huliandika neno utengamao bila wasiwasi, sambamba na kinga, tiba na tiba shufaa. Hata hivyo, kuna mhariri aliyewahi kulifuta katika makala ya mwandishi huyu na kuweka "utangamano", akiamini anasahihisha kosa la chapa. Utangamano ni watu kukaa pamoja kwa maelewano. Msomaji aliambiwa kwamba mgonjwa wa kiharusi anahitaji utangamano mara tatu kwa wiki, na masahihisho hayajachapishwa hadi leo.

Wenye kusema "mazoezi" au "fizio" hawajakosea, ila wametaja kipande tu. Utengamao unabeba pia tiba kwa vitendo, inayomfundisha mtu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, na tiba ya usemi, inayoshughulikia hata kumeza.

Huduma hizo zipo Muhimbili, KCMC Moshi na katika baadhi ya hospitali za mikoa. Wengi, hata hivyo, hutengamaa nyumbani mikononi mwa mke au binti, na wengine huanzia kwa mganga wa jadi. Suala si dogo. Utafiti ulioanza mwaka 2003 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam.

Basi cheti cha kumruhusu mgonjwa kiandikwe "rufaa ya utengamao", na chini yake itajwe ni tiba ipi, itolewe wapi, mara ngapi kwa wiki, na ni nani nyumbani aliyefundishwa kuisimamia.