Deni, Jela na Mshahara

Kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huu tulikuja nao Uingereza kutoka kwetu, na wengi wetu tumeuonja ukweli wake baada ya kadi za benki na mikopo ya magari. Bahasha ya mahakama ikiangukia mlangoni, wako ndugu wanaoitia kabatini bila kuifungua, kwa kuamini kwamba mwisho wake ni jela. Hofu hiyo ina asili yake katika historia.

Zamani katika nchi hii mdaiwa alifungwa kweli. Mwaka 1824 John Dickens alitiwa katika jela ya Marshalsea, Southwark, kwa deni la mwoka mikate la pauni 40 na shilingi 10. Mwanawe Charles, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikuwa na miaka 12, akibandika karatasi kwenye makopo ya rangi ya viatu kiwandani. Kwa fundi au kibarua, jela ilimfungia mlango wa kazi ile ile ambayo ingemlipia deni.

Mwaka 1869 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa kifungo cha deni. Lakini liliacha upenyo: jaji aliweza kumfunga hadi wiki 6 mtu aliyeonekana kuwa na uwezo na hataki kulipa. Mwaka uliofuata, 1870, sheria nyingine ikakataza kukamata mshahara wa mfanyakazi wa kawaida. Nia ilikuwa njema, matokeo yakawa mengine. Mdai hakuweza kuugusa mshahara, na nyumbani kwa maskini hakukuwa na mali ya kunadi, basi akaomba kifungo. Kwa miaka mia nyingine maelfu ya wafanyakazi wakaendelea kwenda jela kwa madeni madogo.

Kamati iliyoongozwa na Jaji Payne ilitoa ripoti yake mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1970 ikafuta kifungo kwa madeni ya kawaida, na badala yake mahakama ikapewa uwezo wa kuamuru makato ya mshahara. Sheria ya 1971 ndiyo inayotumika hadi leo England na Wales. Mahakama hupanga viwango viwili: kiasi cha kukatwa, na kiasi ambacho lazima kibaki mkononi mwa mdaiwa kwa chakula, kodi ya nyumba na watoto. Sisi wahandisi tunasema, kabla ya kuongeza mzigo, pima kwanza boriti inabeba kiasi gani.

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya mashauri ya madai ya Tanzania ya mwaka 1966 ilifuata ile ya India ya mwaka 1908, iliyotungwa chini ya Waingereza. Mpaka sasa inaruhusu mdaiwa kufungwa kwa ombi la mdai, na mdai mwenyewe ndiye hulipia chakula cha mfungwa. Kenya nayo ina jela ya madai. Si ajabu basi tukaja huku na hofu ya kwetu.

Lakini hapa England anayejiponza ni yule anayenyamaza. Fomu ya kueleza mapato na matumizi hutakiwa irudishwe ndani ya siku 8. Anayekaidi amri hizo za mahakama anaweza kutozwa faini, au kufungwa hadi siku 14, si kwa sababu ya deni bali kwa kutojibu. Anayejibu anaweza hata kuomba amri isimamishwe maadamu analipa mwenyewe, na mwajiri asijue. Hukumu hubaki katika daftari kwa miaka 6, ila ikilipwa yote ndani ya mwezi mmoja hufutwa.

Watu walikaa jela miaka mingi kabla sheria haijakubali kumwuliza mdaiwa anaweza kulipa kiasi gani. Leo swali hilo linaletwa mlangoni kwetu ndani ya bahasha. Ndugu, tuifungue, tuijibu.