Mdomo Sungura na Umbali wa Singida

Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura huko Iramba au Unyaturu, Singida, miaka ya 1950 alikuwa na tatizo ambalo tiba yake ilishajulikana zamani sana. Kumbukumbu za Uchina zinamtaja kijana wa miaka 18, Wei Yangzhi, aliyeshonwa mdomo karibu na mwaka 390, kisha akaamriwa anywe uji na akae siku 100 bila kuongea wala kucheka. Huko Berlin, Carl von Graefe alifaulu kuziba kaakaa laini mwaka 1816. Mwaka 1955 Mmarekani Ralph Millard aliwaeleza wenzake mjini Stockholm namna ya kuuzungusha mdomo uliopasuka ili kovu lifuate mstari wa asili ulio chini ya pua, na wapasuaji wengi wanaifuata njia hiyo hadi leo. Elimu ilikuwapo. Singida ilikuwa mbali nayo.

Mkoa una kilomita za mraba 49,000 hivi, na njia kuu ya reli ya kati inaupita upande wa kusini, Manyoni na Itigi. Kwa miongo mingi, hospitali zake za kutegemewa zilikuwa za misheni. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walijenga Kiomboi na Iambi, masista wa Medical Missionaries of Mary wenye asili ya Ireland wakaja Makiungu mwaka 1954, na Wanorwe wakafungua Haydom mwaka 1955, ng'ambo ya mpaka wa sasa wa Manyara, kunakokimbiliwa na wagonjwa wa Mkalama mpaka leo. Humo wanawake walijifungua, malaria na ukoma vikatibiwa, ngiri zikapasuliwa. Kushona mdomo wa kichanga ni kazi ya mkono mwingine kabisa.

Mkono huo, kwa Afrika Mashariki, ulianza kusafiri kwa ndege. Wengi wanalifahamu shirika la Amref kwa chanjo na semina, lakini waanzilishi wake watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile: Michael Wood wa Nairobi, Archibald McIndoe aliyetengeneza upya nyuso za marubani walioungua kwenye Vita Kuu ya Pili, na Tom Rees wa New York. Mpango wao ulizaliwa mwaka 1956 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka uliofuata Madaktari Warukao wakaanza kazi. Utaratibu ulikuwa rahisi: hospitali ya porini huorodhesha wagonjwa, daktari bingwa hutua, hupasua mfululizo, kisha huruka kwenda kwingine. Aliyekosa habari alisubiri safari nyingine, na wapo waliosubiri mpaka wakaota ndevu.

Lakini kungoja kulihitaji kwanza mtoto awe hai. Mdomo ukipasuka peke yake, watoto wengi hunyonya. Kaakaa likiwa wazi ndipo balaa huanza. Mtoto hushindwa kuvuta, maziwa hurudi kwa puani, humeza hewa, huchoka kabla ya kushiba. Mama aliyeelekezwa hukamua maziwa, humkalisha mtoto wima, humnywesha kidogo kidogo kwa kikombe na kumcheulisha kila mara. Asiyeelekezwa hushuhudia mtoto akikonda, au maziwa yakiingia njia ya hewa na kuleta nimonia.

Juu ya hayo, lawama humwangukia mama. Ati alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, ati mume alichinja wakati usiofaa, ati ni mkosi wa ukoo. Hali halisi haina mshitakiwa. Pande za uso wa kijusi huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 za ujauzito, kaakaa hufuata kuelekea wiki ya 10 hivi, na mara nyingi mama hata hajajua kuwa ana mimba. Urithi una sehemu yake. Sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Upungufu wa asidi ya foliki nao unatajwa, ingawa ushahidi wake hapa si mzito kama ule wa kasoro za uti wa mgongo. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi, asidi hiyo ikiwamo, kwenye unga mwaka 2011, ila zinawafaa zaidi wanaonunua unga wa viwandani. Uwele na mtama wa Singida husagwa kwenye mashine ya kijijini.

Umbali ulipungua polepole. Hospitali za Bugando na KCMC zilifunguliwa mwaka 1971, Muhimbili ikaanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, likaanza kugharamia upasuaji unaofanywa na madaktari wazalendo. Mgonjwa halipii operesheni. Nauli, chakula cha anayemuuguza na siku za shamba zinazopotea bado hutoka kwenye kuku na alizeti za nyumbani.

Na safari haiwi moja. Mdomo hushonwa kuanzia miezi mitatu, mtoto akiwa na kilo 4.5 hivi na damu ya kutosha. Kaakaa hungoja hadi karibu mwaka mmoja, hata mwaka na nusu. Familia nyingi zikiona uso umekaa sawa hudhani kazi imekwisha. Mtoto akianza kuongea anakuwa king'ong'o, masikio yanatoa usaha, darasani hasikii vizuri. Akifika miaka minane au tisa, wakati jino la chonge linakaribia kuota, ufizi uliopasuka huenda ukahitaji kupandikizwa mfupa. Anahitaji pia mtaalamu wa kumfundisha matamshi, na wataalamu hao Tanzania nzima ni wachache mno.