Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wazee wetu wengi walingoja karafuu ivunwe na kuuzwa ndipo wapange harusi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, mashamba ya karafuu yalitanuka, na tusilifiche, kwa jasho la watumwa. Visiwa vyetu vikaongoza duniani. Baadaye mnunuzi wetu mkubwa akawa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku ya sigara. Wenzetu walipopanda mikarafuu yao ya kutosha, bei ikaporomoka miaka ya 1980. Tukabaki na magunia.

Hapo ndipo tukageukia utalii. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kulinda wawekezaji. Hoteli zikachipuka Nungwi, Kiwengwa na Paje, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mimi fundi cherehani nimekulia zama hizo. Nilishona magauni ya ufukweni na mikoba ya kanga, yote kwa wageni. Mwaka 2020 korona ilipokata safari za ndege, duka langu likawa kimya miezi. Aliyeniamsha ni bi harusi wa mtaani aliyetaka nguo ya nikaha. Alilipa kidogo kidogo, lakini alilipa. Akaleta na dada zake.

Alhamdulillah, wageni wamerudi, tena wengi kuliko kabla ya korona. Ila mambo yamebadilika. Wapo wanaolipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege. Wanakula, wanakunywa na kununua humohumo hotelini, na sokoni hawafiki. Wapo pia wanaotaka kumjua aliyeshona, na wakirudi kwao wanaagiza kwa simu. Hao ndio wa kuwatafuta.

Dada zangu, utalii nao ni zao kama karafuu: mnunuzi yuko mbali, na siku asipokuja hatuna la kumfanya. Basi mshonee mgeni, na jirani usimsahau. Na wewe bi harusi, mahari yako usiimalize yote kwa mapambo ya siku moja. Tenga ya cherehani, au ya kujifunza ufundi wowote utakaobaki mkononi mwako.

Riziki anatoa Mwenyezi Mungu, nasi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali.