Hattie McDaniel Apewa Jukwaa Zima

Tamthilia ya mwigizaji mmoja haina huruma. Mwanamke husimama peke yake mbele ya watazamaji, asimulie, aimbe, ajibizane na watu wasioonekana, na akisahau maneno hakuna wa kumwokoa. Mtindo huu ndio alioutumia mwandishi Larry Parr kumuenzi mwigizaji Mmarekani Hattie McDaniel katika *Hi-Hat Hattie*, na kwa maoni yangu unamfaa kuliko filamu yoyote. Sinema ilimpa jikoni na aproni. Hapa hakuna wa kumsogeza pembeni.

Jukwaa ndilo lililomlea. Alizaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1893, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Baba yake alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hattie alikulia Denver, akaimba na kuchekesha watu katika kundi la kaka zake, akarekodi nyimbo za bluzi. Mwaka 1929 uchumi ulipoanguka alijikuta Milwaukee akihudumia wateja msalani kwenye klabu, hadi aliporuhusiwa kuimba humo. Baadaye akaenda Los Angeles.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1939 aliigiza Mammy, mtumwa wa nyumbani, katika *Gone with the Wind*. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, waigizaji Weusi hawakuruhusiwa kuhudhuria. Tarehe 29 Februari 1940 akawa Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, katika hoteli iliyokuwa haipokei Weusi; aliingia kwa kibali maalumu, akaketishwa kwenye meza ndogo mbali na waigizaji wenzake.

Wengi wangefunga pazia hapo. Lakini ushindi huo haukumwepusha na lawama. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, alikerwa na waigizaji waliokubali kuwa watumishi wa kuchekesha. Naiona haki ya White: filamu ile iliupamba utumwa. Naiona pia ya Hattie, kwa kuwa studio hazikumwekea mezani kazi nyingine ya kuchagua. Tamthilia ikimsafisha kabisa inamdhulumu, kwani inamnyima ugumu wa maamuzi aliyoyafanya kwa macho makavu.

Kama ningekuwa mwongozaji, ningetumia muda mrefu zaidi kwenye kesi ya Sugar Hill. Katika mtaa huo wa Los Angeles, majirani Wazungu waliwashtaki Weusi walionunua nyumba, wakitegemea mikataba iliyokataza Mweusi kuishi humo. Hattie aliwakusanya wenzake nyumbani kwake, wakajipanga, wakamtegemea wakili Loren Miller. Mwaka 1945 jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi hiyo kwa msingi wa Katiba. Miaka 3 baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza mikataba ya aina hiyo, na Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliopigania uamuzi huo. Yule aliyekuwa akifungua milango ya mabwana kwenye filamu aliulinda wake mwenyewe mahakamani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumfuatilia. Lupita Nyong'o, aliyeonja jukwaa Nairobi akiwa msichana, alipata tuzo hiyohiyo ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014, miaka 74 baada ya Hattie. Naye aliigiza mtumwa, Patsey. Tofauti ni kwamba safari hii kamera ilikuwa upande wa mtumwa.

Hattie alifariki tarehe 26 Oktoba 1952. Alitaka azikwe Hollywood, lakini makaburi aliyoyataka hayakupokea Weusi. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, nayo ikapotea. Mwaka 2023 waandaaji wa Oscar walikikabidhi chuo hicho nyingine, katika ukumbi wa maigizo wenye jina la Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi wa karne ya 19 aliyeihama Marekani akaenda kuigiza Shakespeare Ulaya.